Amri Iliyoitwa Padri

NDEVU: Haloo? Nani huyo anayenitafuta kabla sijanywa chai?

KENGELE: Ndevu, ni mimi.

NDEVU: Mimi wako wengi duniani. Mimi yupi?

KENGELE: Kengele, bwana. Nimebadilisha namba.

NDEVU: Aaah! Mheshimiwa Kengele wa Bweni la Pili! Mwamshaji wa waliolala, mlaaniwa wa saa kumi na moja alfajiri! Habari za tangu siku ile?

KENGELE: Nzuri. Sikiliza—

NDEVU: Za nyumbani? Za karakana? Bado mnawapima watu miguu?

KENGELE: Tunawapima. Uko peke yako?

NDEVU: Niko kwenye ngazi za ofisi, kati ya ndoo ya kudekia na mlango wa bosi wangu mpya. Kama huko ni kuwa peke yako, basi niko peke yangu. Mbona unanong'ona kama mtu aliyeiba mkate?

KENGELE: Nimejificha stoo ya plasta. Nimekalia gunia. Kikao kiko chumba cha pili, kinaanza saa nne kamili.

NDEVU: Saa hizi ni nne kasoro dakika kumi na tano. Kikao cha nini?

KENGELE: Cha kumfukuza yule dada.

NDEVU: Dada yupi?

KENGELE: Aliyechukua kiti chako. Mpanga programu mpya. Ana miezi mitatu ya majaribio, na leo ni… (mkwaruzo) …ya mwisho.

NDEVU: Mtandao unakwaruza. Amefanya nini? Amemwagia kompyuta uji?

KENGELE: Amefuta orodha.

NDEVU: Orodha gani?

KENGELE: Tuna orodha ngapi, Ndevu? Orodha ya wanaosubiri miguu ya bandia. Watu themanini na wanane. Majina, vipimo, zamu ya kila mmoja. Jana saa tisa alasiri ilikuwepo. Saa tisa na dakika moja haikuwepo.

NDEVU: Pole sana. Lakini mtu hafuti orodha kwa bahati mbaya. Pale kuna amri moja tu ya kufuta yote, na imeandikwa kwa herufi—

KENGELE: Imeandikwaje? Haloo? Ndevu? Nimekuuliza imeandikwaje.

NDEVU: Nakusikia.

KENGELE: Aliita Padri.

NDEVU: Usiniambie.

KENGELE: Nakuambia. Aliita Padri akaipa orodha nzima.

NDEVU: Ee Mola wangu.

KENGELE: Alikuwa anatengeneza kitufe cha kuthibitisha zamu. Akatafuta amri ya kupitisha majina. Akaona Padri. Akakaa akafikiri, mtoto wa watu, padri kazi yake nini? Si hubariki? Akaiita ibariki majina yote themanini na manane.

NDEVU: Padri habariki. Padri anakula.

KENGELE: Mimi najua. Wewe unajua. Bweni zima la pili linajua kwamba Padri alikuwa jamaa wa kitanda cha dirishani, aliyesalisha kabla ya chakula kwa dakika saba, macho ameyafumba, na mkono wake unatembea meza nzima. Mkifumbua macho, sahani nyeupe.

NDEVU: Nyeupe kama imeoshwa.

KENGELE: Sasa yule dada alilala bweni letu lini?

NDEVU: Kengele, wewe umecheka pale. Nimekusikia umecheka.

KENGELE: Sijacheka.

NDEVU: Umetoa hewa puani.

KENGELE: Ni plasta, inaniwasha. Ndevu, sina nafasi ya utani leo. Nina salio la dakika chache na—

NDEVU: Sawa, sawa. Nakala ya akiba ipo. Kila Ijumaa jioni mfumo unajinakili wenyewe. Mwambie aende kwenye Kobe, achukue—

KENGELE: Kobe ametolewa.

NDEVU: Ametolewa na nani?

KENGELE: Na yeye, wiki ya pili. Mfumo ulikuwa mzito, watu wanalalamika. Akapekua, akakuta kitu kinaitwa Kobe kinajiendesha kila Ijumaa. Akasema, eti, nimempata mchawi. Akakitoa pamoja na nakala zake zote. Tukampigia makofi, Ndevu. Daktari Mkuu alimnunulia soda.

NDEVU: Lakini Kobe si wa uzito! Kobe alikuwa mficha vitu! Yule wa sanduku la bati, kila kitu kikipotea bwenini unakikuta chini ya—

KENGELE: Nakumbuka sanduku la Kobe. Nimelipekua mwenyewe. Unamweleza nani?

NDEVU: Najieleza tu.

KENGELE: Basi jieleze hili. Ukutani, juu ya meza yako, nilibandika karatasi. Ilisema nini?

NDEVU: Kengele, tafadhali.

KENGELE: Ilisema nini?

NDEVU: "Anza na kitendo. Taja kitu kinachotendwa. Usifanye usichokitaja."

KENGELE: Na jina la kwanza la Padri lilikuwa nini?

NDEVU: futaOrodhaYote.

KENGELE: Na Kobe?

NDEVU: hifadhiNakala.

KENGELE: Mtoto wa darasa la nne angesoma akaelewa. Ikawaje?

NDEVU: Majina yalibadilika.

KENGELE: Yalibadilika! Kama hali ya hewa! Asubuhi futaOrodhaYote, mchana manyunyu, jioni Padri!

NDEVU: Shusha sauti, unanong'ona kwa nguvu sana. Haya. Ilikuwa siku yangu ya mwisho. Mlininunulia keki, mkanipa kalamu. Nikaona niwaachie kicheko. Methodi zote sitini na moja nikazibatiza. Bweni zima nikaliingiza mle. Matroni, Padri, Kobe, Mzee Prepu, mpaka yule mbwa wa mlinzi.

KENGELE: Methodi ni amri ya kazi, Ndevu. Si mtoto wa kubatizwa.

NDEVU: Nilijua Jumatatu utafungua, utacheka, halafu utarudisha majina ya zamani. Ndiyo ilikuwa hesabu yangu. Wewe ni Kengele! Wewe ulikuwa unakunja soksi kwa rula! Nani angejua utaacha?

(mkwaruzo)

NDEVU: Haloo? Kengele? Umekatika?

KENGELE: Sijakatika.

NDEVU: Mbona hukurudisha?

KENGELE: Nilicheka.

NDEVU: Enhe?

KENGELE: Jumatatu nilifungua, nikacheka mpaka machozi. Mlinzi akaja kuuliza kuna msiba gani. Nikasema nitarudisha Jumanne. Jumanne nikafungua tena, nikacheka tena. Ulikuwa umeondoka na karakana ilikuwa kimya, yaani kimya kweli. Nilikuwa nafungua yale majina kama mtu anayefungua barua.

NDEVU: Kengele wangu.

KENGELE: Usiniite wako. Halafu yule dada akaja.

NDEVU: Hukumweleza?

KENGELE: Anacho kidaftari kidogo cha bluu. Jana baada ya zahama hakusema neno, alikiacha mezani akaenda kunawa uso. Nikakifungua. Ameandika majina yote sitini na moja, moja moja, kwa mwandiko mzuri kama wa mwaliko wa harusi. Mbele ya kila jina ameandika anachodhani linafanya. "Matroni: labda hukagua?" "Mzee Prepu: labda husubiri?" "Padri: labda hubariki?" Na pembeni, kwa wino mwekundu, "Muulize Kengele."

NDEVU: Alikuuliza?

KENGELE: Nimehesabu. "Muulize Kengele" mara kumi na moja.

NDEVU: Sijauliza imeandikwa mara ngapi. Alikuuliza?

KENGELE: Alikuja. Nikamwambia baada ya chai. Kesho yake, baada ya chai. Unajua kwa nini? Niliona aibu. Mtu mzima na shahada yangu, nianze kumweleza mgeni kwamba Padri alikuwa anakula maharage ya wenzake. Nikasema atazoea.

NDEVU: Na kwenye kikao, wanajua majina yalitoka wapi? Kengele. Daktari Mkuu anajua?

KENGELE: Daktari Mkuu anajua dada amebonyeza kitu bila kuelewa. Ndivyo barua ya kumfukuza ilivyoandikwa. Nimeiona, imeshapigwa muhuri.

NDEVU: Na wewe umekalia gunia la plasta.

KENGELE: Nimekalia gunia la plasta, na wewe umekalia ngazi. Tusitupiane.

NDEVU: Sijakaa. Nimesimama— Ngoja. Ngoja, bosi anapita. (kwa sauti kubwa) Ndiyo, mheshimiwa mteja! Tumelipokea ombi lako kwa uzito mkubwa! (ananong'ona) Haya, amepita. Amenitazama vibaya. Na mimi niko kwenye majaribio huku, unajua? Ijumaa ndiyo wanaamua kama ninabaki.

KENGELE: Hongera.

NDEVU: Usiseme hongera kwa sauti hiyo.

KENGELE: Ndevu, unamkumbuka mama mshonaji?

NDEVU: Yule mwenye cherehani ya miguu? Aliyekatwa mguu wa kulia? Nilimwingiza mwenyewe kwenye orodha. Alikuwa wa arobaini na kitu.

KENGELE: Sasa alikuwa wa kwanza. Amesubiri miezi kumi na minne. Vifaa vilikwisha ulipoondoka, vimefika juzi tu, na zamu yake ilikuwa leo. Yuko kwenye benchi pale nje tangu saa moja, namwona kupitia tundu la mlango. Amekuja na mfuko wa plastiki. Unajua ndani kuna nini?

NDEVU: Usiniambie.

KENGELE: Viatu. Vipya. Amekuja na pea nzima. Na pembeni yake wamekaa watu watatu, na wote wanasema wao ndio wa kwanza leo. Wanagombana kwa adabu, lakini wanagombana. Nani atawaamulia? Karatasi tuliacha kuandika tulipouamini mfumo. Mfumo wetu, mimi na wewe. Na vipimo vyake vimekwenda na orodha. Aanze upya kupimwa, arudi nyuma ya foleni, au tubahatishe?

NDEVU: Mguu haubahatishwi.

KENGELE: Haubahatishwi.

NDEVU: Kwa hiyo hakuna nakala popote.

KENGELE: Wewe ndiye unayesema.

NDEVU: Nasema nini? Nauliza.

KENGELE: Mimi nimepiga simu tu. Siku yako ya mwisho, wakati wa keki, nilikuwa nimekupa mgongo. Nilikuwa natafuta kisu. Kwa hiyo mimi sikuona kitu.

NDEVU: Hukuona kitu gani?

KENGELE: Sikuona flashi nyekundu kwenye kompyuta yako. Haloo? Nina dakika nne.

NDEVU: Ulikuwa umenipa mgongo.

KENGELE: Kuna kioo pale juu ya sinki.

NDEVU: Miezi mitatu hukusema.

KENGELE: Na wewe hukusema. Sote wawili tumefunzwa bwenini kutomtaja mtu.

NDEVU: Nilikuwa na usaili huku. Walitaka waone kitu nilichojenga, kinachofanya kazi kweli. Nikanakili mfumo mzima. Nilikuwa niyatoe majina ya watu, niweke ya kubuni. Naapa, nilikuwa niyatoe. Nikasahau. Nikawaonyesha ukurasa mmoja tu, haraka haraka, nikaufunga. Na tangu hapo… iko tu. Iko kwenye kompyuta yangu, hii ya begani, ndani ya faili linaloitwa Picha za Harusi.

KENGELE: Hujaoa.

NDEVU: Najua sijaoa!

KENGELE: Hata ukificha kitu, unakipa jina la uongo.

NDEVU: Nipige na kiatu kabisa. Kengele, unaelewa maana yake? Nikisema ninayo, nimesema nilitoka na siri za wagonjwa mfukoni. Daktari Mkuu akimpigia bosi wangu, Ijumaa haifiki. Nani ataniajiri tena? Nitarudi nyumbani nimweleze nini mama?

KENGELE: Sijui.

NDEVU: Nikutumie kimyakimya? Wewe ukaseme umeikuta. Popote. Kwenye droo. Mungu ni mwema, imepatikana.

KENGELE: Imepatikana, na dada?

NDEVU: Orodha ikirudi si watamsamehe?

KENGELE: Barua haisemi orodha imepotea. Barua inasema hana umakini. Ataondoka na hilo jina na orodha ikiwa imerudi. Tutakuwa tumembatiza na yeye.

NDEVU: Hilo ni pigo.

KENGELE: Sikupanga kulisema. Limetoka tu.

NDEVU: Na nakala yangu ni ya miezi mitatu nyuma. Ina watu sitini na tisa. Walioingia baadaye sinao.

KENGELE: Wale kumi na tisa anao.

NDEVU: Nani?

KENGELE: Dada. Kwenye kidaftari cha bluu, kurasa za nyuma. Kila aliyemwingiza kwenye mfumo alimwandika na kwa mkono, na vipimo vyote. Juu ya ukurasa ameandika, "Mpaka nitakapoyaelewa majina."

NDEVU: Hana umakini, eti.

KENGELE: Ndiyo barua inavyosema.

NDEVU: Saa ngapi?

KENGELE: Nne kasoro mbili. Nasikia viti vinavutwa. Ndevu, mimi naingia. Nitasema yangu, ile ya baada ya chai. Nimeamua nikiwa hapa kwenye gunia. Yako sitaisema.

NDEVU: Kwa nini?

KENGELE: Si yangu.

NDEVU: Ingia na simu.

KENGELE: Unasemaje? (mkwaruzo) Haloo?

NDEVU: Ingia na simu, iweke mezani, weka spika. Upesi, kabla sijapata akili.

KENGELE: Una uhakika?

NDEVU: Sina! Tembea!

(mlango, hatua, sauti za watu)

KENGELE: Samahani, Daktari. Samahani nyote. Kabla barua haijasomwa, kuna mtu kwenye simu. Na mimi nina langu, lakini salio ni dogo, aanze yeye.

DAKTARI: Nani huyo?

NDEVU: Shikamoo, Daktari.

DAKTARI: Marahaba. Wewe ni nani?

NDEVU: Ni mimi, yule… tuliyekula keki. Mpanga programu wa zamani.

DAKTARI: Mwenye ndevu? Kijana, tuko kwenye jambo zito.

NDEVU: Naam, Daktari, na jambo lenyewe ni langu. Ilitokea kwamba siku ile majina… hapana. Naanza upya. Nilibadilisha majina ya amri zote. Kwa mzaha. Futa nikaiita Padri, hifadhi nikaiita Kobe. Sikumwachia mtu maelezo. Yeyote angeingia pale angekanyaga. Huyo dada hana kosa. Na kuna lingine, Daktari, baya zaidi. Siku hiyohiyo, bila ruhusa, nilichukua—

(mlio, simu imekatika)

KENGELE: Haloo? Ni nani?

NDEVU: Mimi tena. Nimepiga kwa salio langu. Bado niko mezani?

KENGELE: Bado uko mezani. Tulidhani hutapiga.

NDEVU: Hata mimi nilidhani. Nimeshuka ngazi mbili, nikapanda tena. Mlisikia mpaka wapi?

DAKTARI: Tulisikia "nilichukua". Hukusema ulichukua nini.

NDEVU: Orodha, Daktari. Nilichukua orodha ya wagonjwa. Ninayo. Sikumpa mtu, ila nilionyesha ukurasa mmoja mahali nisipopaswa. Nakuja nayo sasa hivi. Mama mshonaji ni wa kwanza, nimeangalia. Asirudishwe nyumbani. Vipimo vyake vipo.

DAKTARI: Unajua nitakachopaswa kuwaandikia waajiri wako?

NDEVU: Najua.

DAKTARI: Njoo nayo wewe mwenyewe. Usiitume.

NDEVU: Naam.

DAKTARI: Na wewe, Kengele, kaa chini. Lako nalisikiliza sasa hivi, na halitakuwa fupi. Hii barua naiweka pembeni. Sijaichana, nimeiweka pembeni tu.

DADA: Samahani, Daktari. Naweza kumuuliza swali huyo kaka kabla hajakata?

DAKTARI: Uliza.

DADA: Habari yako, kaka.

NDEVU: Nzuri, dada. Nisamehe, kwanza—

DADA: Nina kidaftari hapa. Sitini nimeshaelewa, simu ilipokatika Kengele amenieleza hapa mlangoni, kwa dakika moja, kazi ya miezi mitatu. Imebaki moja. Kuna amri mle inaitwa Ndevu. Inafanya nini?

(kimya)

NDEVU: Hiyo haifanyi kitu, dada.

DADA: Haifanyi kitu kabisa?

NDEVU: Inangoja sekunde mbili, halafu inaandika "Tayari".

DADA: Nilidhani hivyo. Niiite nini sasa?

NDEVU: Usiipe jina. Ifute.

DADA: Nimeshafuta vya kutosha wiki hii, kaka. Nitakungoja, uje uifute mwenyewe.

NDEVU: Nakuja. Niko kwenye geti tayari, nakimb… (mkwaruzo) …mwambie mama asi… asiondoke na viatu vyake—

KENGELE: Haloo? Ndevu? Unakatika.

NDEVU: Nasema nakuja!